Gramu Mia Sita na Arobaini

Mtu wa kwanza kumwombea Kijiti msamaha hakuwa ndugu yake. Alikuwa mthamini wa madini, mwenye duka ambamo jiwe lilitoka likiwa hai na kufika nyumbani likiwa limekufa.

"Mwachieni tu yule bwana," alisema, akilaza viganja juu ya meza ya kioo. "Jiwe ni lile lile. Limekauka, basi. Hapa hakuna mwizi, Afande."

Afande aliyeambiwa hayo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kituoni walimwita Shangazi, kwa sababu aliwakaripia askari wote sawa na watoto wa kaka yake, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa anatazama mizani.

Zilikuwa tatu. Kubwa ilikaa sakafuni, ya kati mezani, na ndogo ndani ya sanduku la kioo ili upepo wa feni usiiguse. Ukutani palikuwa na picha za vipande vya dhahabu tu, ingawa kabatini kulikuwa na mawe ya kila rangi. Mwenye duka alikuwa amenunua dhahabu miaka ishirini kabla ya kuingia kwenye mawe ya maonyesho, na mji mzima ulimwita Bwana Mizani.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mchimbaji mmoja alifariki na kumwachia mkewe jiwe la manjano, kubwa kama ngumi, alilolitoa kwenye ukuta wa shimo la zamani. Jumatatu mjane alilipeleka kwa Bwana Mizani lipimwe na kuandikiwa cheti. Jumatano alimtuma shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake, akalichukue. Kijiti alilifikisha ndani ya kopo la bati lililozungushiwa utepe wa duka. Ijumaa akaja mnunuzi wa makumbusho, mjane akafungua kopo mbele yake, na ndani akakuta kitu kilichopauka, kinachopukutika kama maganda ya kitunguu. Mnunuzi alitazama mara moja, akaomba radhi, akarudi nyumba ya wageni alikofikia.

Mjane hakupiga kelele. Alikuja kituoni siku hiyo hiyo na kuandikisha kwamba shemeji yake alibadilisha jiwe njiani. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetia sahihi Kijiti awekwe ndani. Leo ilikuwa Jumatatu tena, na ikifika saa nane mchana faili lilitakiwa liende mahakamani au lifungwe.

Bwana Mizani alieleza kwa upole, kama mwalimu wa darasa la pili. Jiwe lile lilikuwa na urani ndani yake na liliitwa otunaiti. Si kila otunaiti ina thamani. Nyingi ni unga tu uliogandia kwenye mwamba. Hili lilikuwa na kurasa pana zilizosimama kama kitabu kilichofunguliwa, na chini ya taa ya zambarau liliwaka kijani mpaka ukaona vidole vyako. Ndiyo maana cheti chake kiliandika bei ya kujenga nyumba mbili. Lakini kati ya zile kurasa kuna maji. Maji yakitoka, jiwe linafifia, linapasuka, na ukililoweka tena halirudi.

"Ndiyo maana niliweka pamba yenye maji ndani ya kopo," alisema. "Kuna mtu alifungua, akalianika juani. Labda alitaka kuwaringishia wenzake. Mambo ya ujana."

"Una uhakika si jiwe lingine?"

Bwana Mizani alitabasamu. Alivuta nakala ya cheti na kuweka kidole kwenye mstari wa uzito.

"Soma hapo, Afande. Mia sita na arobaini, nukta mbili. Ninyi mmelipima kituoni?"

"Tumelipima. Mia sita na arobaini, nukta mbili."

"Sasa ni mwizi gani huyo, anaiba jiwe na kurudisha lenye uzito ule ule mpaka kwenye nukta?"

Shangazi alimwomba aandike maneno hayo yote na kutia sahihi. Aliandika ukurasa mzima bila kusita, kwa mwandiko mzuri, na mwisho akaongeza kwamba hana kinyongo na mtu yeyote.

Nje, Shangazi alimpigia simu mkuu wa kituo. Mkuu alifurahi. Alisema mizani haina ndugu wala rafiki, na kama mizani imesema jiwe ni lile, yeye ni nani abishane na chuma. Kijana atolewe, mjane aambiwe pole, faili lifungwe. Shangazi alijibu kwamba amesikia. Hakusema kwamba amekubali.

Kituoni, mjane alikuwa kwenye benchi la korido, wima kama mtu aliyekalia misumari. Shangazi alikaa kando yake na kumweleza alichosema mthamini. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye si mtaalamu wa mawe, ila mumewe alimwonyesha jiwe lile kila jioni kwa miezi miwili kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, na lile lililotoka kwenye kopo hakuwahi kuliona.

Shangazi alimtaka aeleze tena jinsi alivyofungua kopo, polepole, kitu kwa kitu. Mjane alieleza. Utepe ulikuwa umenyooka. Alikata kwa kisu cha jikoni. Juu kulikuwa na pamba, akaitoa kwa vidole, akajifuta kwenye gauni.

"Ulijifuta nini?"

"Maji. Pamba ilikuwa imelowa."

"Imelowa, au unyevunyevu tu?"

"Ilikuwa chapachapa, Afande. Niliona aibu mbele ya mgeni, gauni likawa na doa."

Shangazi aliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Jiwe limekauka mpaka kufa, na pamba iliyolala juu yake bado chapachapa.

"Kwa nini ulimshuku shemeji yako na si mwingine?"

"Alichelewa," alisema mjane. "Kutoka dukani mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Alitumia saa mbili, na nilipomuuliza alisema kulikuwa na foleni. Foleni ya nini? Alikuwa anatembea kwa miguu."

Hilo Shangazi alilijua. Ndilo lililomfanya atie sahihi siku ile.

Kijiti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akishikilia suruali kwa mkono, maana mkanda wake ulikuwa umechukuliwa na mwili haukuwa na pa kuishikiza. Shangazi alimwambia habari njema kwanza. Mthamini amemtetea. Akitaka, saa hii hii anatoka.

Kijiti hakufurahi. Alitaka kujua itaandikwaje kwenye faili. Aliposikia kwamba itaandikwa jiwe lilikauka, alitikisa kichwa.

"Hapana, Shangazi. Nikitokea mlango huo, nyumbani nitakuwa mwizi aliyesamehewa. Watoto wa kaka yangu watanihesabia vijiko kila nikinawa mikono. Bora hakimu aniulize hadharani."

"Hakimu atakuuliza foleni ya nini."

Shangazi alifungua bahasha ya vitu alivyonyang'anywa siku ya kukamatwa: mkanda, kamba za viatu, simu, na kadi ya zahanati iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua kadi na kuisukuma mbele yake. Ilikuwa na tarehe ya Jumatano ile.

Kijiti aliikunja tena mara nne. Kisha alieleza kwa sauti ya chini. Kaka yake alikufa kwa kifua, vumbi la shimoni. Na yeye alikuwa ameanza kukohoa asubuhi. Alikwenda kupiga picha ya kifua, na hakutaka shemeji yake ajue, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa ametoka kuzika juzi tu. Kopo? Hakuliondolea macho muda wote.

Shangazi alitoka na kupiga simu zahanati. Muuguzi aliyepokea alimkumbuka mara moja yule mtu mwembamba mwenye kopo. Alikuwa amegombana na mpiga picha, eti hawezi kuliacha mlangoni, na mwishowe muuguzi huyo mwenyewe alilikalia mbele ya macho ya mgonjwa, mlango ukiwa wazi, mpaka picha ikaisha. Aliingia na kopo, akatoka na kopo. Picha yenyewe, muuguzi aliongeza bila kuulizwa, ilikuwa safi.

Basi njiani hakuna kilichobadilika. Ilikuwa saa nne na nusu. Shangazi alichukua jiwe lililokufa, cheti na lile kopo, akaenda maabara ya ofisi ya madini.

Fundi wa maabara alikuwa mama mfupi aliyekaa juu ya stuli ndefu. Walimwita Mama Darubini. Alimpa Shangazi glavu kabla ya salamu.

"Wachimbaji wana tabia ya kuramba jiwe waone rangi yake ikilowa," alisema. "Hili usije ukaliramba, dada yangu. Na ukitoka hapa nawa mikono kwanza, ndiyo ushike simu."

Alililaza jiwe chini ya kipima mionzi. Kikaanza kulia ta-ta-ta, kama mahindi kwenye sufuria. Alizima taa ya chumba na kuwasha ile ya zambarau. Jiwe likatoa mwanga wa kijani, dhaifu, wenye mabaka. Alisema ni otunaiti kweli, hakuna ubishi, ila iliyokauka. Picha ya jiwe likiwa hai, ambayo Shangazi alikuwa ametumiwa kutoka simu ya mjane, ilionyesha donge la manjano lililopigwa kutoka mbali, na kwa jinsi maganda yalivyopukutika, hakuna mtu angeweza kulinganisha umbo.

"Kwa hiyo mthamini kasema kweli," alisema Shangazi.

"Kasema kweli kuhusu nini?"

"Kwamba lilikuwa hai Jumatano, na Ijumaa lilikuwa limekauka."

"Lilikuwa na uzito gani likiwa hai?"

Shangazi alimsomea cheti.

"Na sasa?"

Mama Darubini hakungoja jibu. Aliliweka jiwe kwenye mizani yake mwenyewe na kusubiri namba zitulie. Zilipotulia, aliondoa jiwe, akafuta sahani ya mizani kwa kitambaa, akalipima upya. Kisha alivuta stuli yake karibu.

"Dada yangu, wewe ukifua shuka, ukalianua likiwa limekauka, linakuwa na uzito gani?"

Shangazi alivua miwani.

Mama Darubini hakutaka aamini kwa maneno. Alitoa kwenye mtungi wa kioo kipande kidogo cha otunaiti hai, manjano iliyokolea kama kiini cha yai, akakipima mbele yake: gramu ishirini kamili. Alikiweka chini ya taa ya kukaushia. Walikaa. Walizungumza habari za magoti na ngazi. Baada ya saa moja na nusu kipande kilikuwa kimepauka na kingo zake zimenyanyuka. Mizani ilisoma gramu kumi na nane na nusu.

"Jiwe zima lingepungua gramu arobaini na kitu, karibu hamsini," alisema Mama Darubini. "Hili halikupungua hata punje. Maana yake halikukauka juzi. Limekufa miaka mingi, pengine limetoka kwenye lundo la kifusi. Yale ya bure."

Aliligeuza na kumpa lenzi. Chini, pale jiwe linapokalia, palikuwa na mikwaruzo iliyonyooka, safi, bila vumbi. Mtu alikuwa amelisugua kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka namba ikafika alipotaka.

"Mtu wa mawe asingefanya kosa hili," alisema. "Ni mtu wa dhahabu. Dhahabu uiyeyushe, uizike, uifukue, uzito ni ule ule. Kwake, uzito ukilingana kesi imekwisha."

"Na lile hai liko wapi?"

"Hilo sijui. Najua tu kwamba aliye nalo hawezi kuliacha likauke. Tafuta penye maji."

Saa saba na dakika kumi Shangazi alirudi dukani na askari wawili, hati ya upekuzi, na kipima mionzi cha kuazima ndani ya mfuko wa sokoni. Bwana Mizani aliwakaribisha viti. Aliuliza kama kijana ameshatoka, na akasema ana hamu ya kusikia mambo yameisha kwa amani.

Shangazi alimpongeza kwa maelezo yake ya asubuhi. Alisema kuna jambo moja tu ambalo mkuu wake, mtu mzito kuelewa, angetaka lirudiwe. Angeweza kulipima jiwe tena kwa mkono wake mwenyewe? Bwana Mizani alivaa glavu, akafuta sahani, akalipima.

"Mia sita na arobaini, nukta mbili," alisema, na kulikuwa na fahari katika sauti yake.

"Na asubuhi umeandika hapa kwamba maji yametoka."

"Yametoka. Ndiyo maana limekufa."

"Yalikuwa mengi?"

"Kiasi. Yamo kati ya kila ukurasa."

"Yalikuwa na uzito gani, Bwana Mizani?"

Feni iliendelea kuzunguka. Mthamini aliitazama namba kwenye mizani. Ilikuwa bado pale pale, haitikisiki.

"Inategemea," alisema mwishowe.

"Inategemea nini?"

"Unajua, hewa ina unyevu. Jiwe linaweza kutoa maji na kuvuta mengine."

"Likavuta yale yale, mpaka kwenye nukta, halafu bado likawa limekauka?"

Bwana Mizani alitoa simu. Alisema anataka kumpigia wakili wake, na Shangazi akamwambia apige, simu si kosa. Wakati anatafuta namba, Shangazi alitoa kipima mionzi mfukoni na kuanza kutembea.

Kwenye sefu kililia kwa uvivu, tiki moja hapa, nyingine kule. Kwenye makabati vivyo hivyo. Bwana Mizani alimfuata kwa macho tu, simu sikioni. Chumba cha nyuma kilikuwa mahali pa kuoshea mawe: sinki, brashi, mataulo. Sinki kimya. Askari mmoja alifungua tangi la choo, akafunga. Nyuma ya mlango palikuwa na ndoo ya kudekia, mfuniko juu, tambara bichi likining'inia ukingoni. Hapo kipima kilianza ta-ta-ta, na Shangazi alipokisogeza karibu, sauti zikaungana zikawa mlio mmoja.

"Mimi sishiki ndoo ya kudekia," alisema Bwana Mizani kutoka mlangoni. "Muulizeni anayefagia."

"Nani anafagia?"

Askari wa pili, aliyekuwa amesoma karatasi zilizobandikwa kaunta, alisema kwamba mfagiaji yuko likizo tangu mwanzo wa mwezi. Zamu yake imekatwa kwa kalamu nyekundu, na sahihi ni ya mwenye duka.

Ndani ya ndoo, chini ya matambara mawili yaliyolowa, kulikuwa na bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Shangazi alilifungua kwenye mwanga wa dirisha. Kurasa za manjano zilisimama wima ndani yake, zikielekea kijani kwenye kingo, pana kama kucha za vidole gumba. Alilitoa jiwe na kuliweka kwenye mizani ya mwenye duka. Namba ilitulia kwenye mia sita na thelathini na nane. Gramu mbili zilikuwa zimeondoka, hata mle penye unyevu.

Alimwamuru Bwana Mizani avue glavu, kisha akamfunga pingu.

Mjane aliitwa kwenye chumba cha maelezo saa nane kasoro dakika kumi. Jiwe lilikuwa mezani, ndani ya kopo lake, pamba mpya juu. Aliinua pamba, akatazama, akairudisha. Shangazi alimweleza kila kitu kwa mpangilio: uzito, tupa, ndoo. Kuhusu saa mbili za Kijiti alisema tu kwamba polisi wamezifuatilia na hazina tatizo. Mjane hakuuliza zaidi. Aliuliza kama anaweza kufuta mashtaka, akaambiwa lazima aeleze kwa maneno yake mwenyewe, nayo yataandikwa.

Kijiti alikuwa ameshaletwa. Alikaa upande wa pili wa chumba, akipitisha kamba kwenye viatu vyake.

Mjane alifikiri. Kisha alisema, akimtazama Shangazi, si shemeji yake:

"Andika kwamba nilimshuku shemeji yangu kwa sababu namjua. Najua anapenda nini, najua akidanganya anashika sikio. Yule mwenye duka sikumjua kabisa, ndiyo maana nikamwamini."

Shangazi aliandika kama yalivyosemwa, bila kupunguza, na kusogeza kidau cha wino. Mjane aliweka kidole gumba. Alipomaliza hakujua pa kukifutia, akabaki amekiinua.

Kijiti alifunga kiatu cha kwanza, akakifungua, akakifunga tena. Alisimama na kukaza mkanda mpaka tundu la mwisho. Mjane alikumbatia kopo na kuelekea mlangoni, akasita, akajitenga kando ili shemeji yake apite, au ili amsaidie kubeba, haikujulikana.

"Lishike wewe," alisema Kijiti. "Mimi nitatangulia mbele, shemeji, uione mikono yangu."

Akashuka ngazi za kituo taratibu, viganja wazi, vimeachana na mwili, na mjane akamfuata nyuma hatua tatu.